Tangi la Samaki na Mawe Makavu: Kufundisha Safari ya Nitrojeni Katika Shule za Tabora

Miaka michache iliyopita mwanachuo wetu mmoja alipangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi iliyo pembezoni mwa mji wa Tabora. Alikuwa kijana mwenye bidii. Aliunganisha kwa mikono yake tangi la vioo la lita 60, akaokota mawe ya itale yaliyotapakaa kila mahali katika nchi hii, akayasugua, akayachemsha na kuyaanika juani siku tatu mpaka yakawa makavu kabisa. Kisha akayapanga ndani ya tangi na kulijaza maji aliyoyaacha wazi siku nzima ili dawa ya bomba itoke. Jumatatu wanafunzi walileta vifaranga vinane vya perege kutoka bwawa la kufugia la mzazi mmoja. Darasa zima lilipewa zamu za kuwalisha. Ijumaa asubuhi vifaranga vyote vilikuwa vikielea, matumbo juu. Maji yalikuwa maangavu vile vile kama siku ya kwanza, na mtoto mmoja akauliza, “Mwalimu, si ulisema maji ni safi?”

Mwanachuo hakuwa na jibu. Nami niliyekuwa nimeketi nyuma ya darasa na karatasi ya tathmini mkononi sikuweza kumsaidia, kwa maana katika karatasi ile nilikuwa nimekwisha kumsifu kwa usafi wa zana zake. Usafi huo huo ndio uliowaua samaki. Makala haya yamekusudiwa kueleza kwa nini, na kuonyesha jinsi kosa lile lilivyogeuzwa kuwa mfululizo wa masomo ambao tumekuwa tukiutumia chuoni tangu hapo.

Kilichokosekana ndani ya tangi

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia mashavu yake, mchana na usiku. Chakula kilichobaki na kinyesi huoza na kuongeza amonia nyingine. Katika bwawa au mto amonia hiyo haikai, kwani juu ya kila jiwe, kila jani lililozama na kila chembe ya tope wanaishi bakteria wanaoila. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi, nayo mimea huitumia kama mbolea. Jiwe lililochemshwa na kukaushwa halina hata mmoja wa wafanyakazi hao. Ni nyumba tupu. Tangi la mwanachuo wetu lilikuwa na samaki wanane wanaotoa sumu na hapakuwa na wa kuiondoa. Uangavu wa maji haukuwa ushahidi wa lolote, maana amonia na nitriti hazina rangi, na kwa kiasi kinachomwua samaki hazinukii.

Habari ya kuwapo kwa makundi mawili ilithibitishwa na Sergei Winogradsky, mtaalamu kutoka Urusi, alipokuwa akifanya kazi mjini Zürich karibu na mwaka 1890. Alionyesha jambo lililowashangaza wengi wa wakati wake: kwamba viumbe hawa hawahitaji chakula kilichotokana na viumbe wengine. Hupata nguvu kwa kuunganisha amonia au nitriti na oksijeni, na hujenga miili yao kwa hewa ya ukaa. Nguvu wanayoipata kwa njia hiyo ni ndogo mno, na kwa hiyo huzaana polepole. Bakteria wa kawaida wa tumboni, akiwa katika hali nzuri, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Hawa wetu, hata wakipendezwa na mazingira, huhitaji saa nyingi, aghalabu siku nzima au zaidi. Hesabu hii peke yake inaeleza kwa nini tangi jipya lenye mawe makavu huhitaji wiki nne hadi sita, na pengine nane, kabla halijafaa kutiwa samaki. Mwalimu anayetaka kulimaliza jambo hili katika kipindi kimoja cha dakika 40 hana budi kuwaua samaki au kuwaongopea wanafunzi.

Mfano wa wapagazi wa Kazeh

Tulijaribu kwanza kufundisha mzunguko huu kwa mchoro wa mishale ubaoni, kama vitabu vingi vinavyofanya. Wanachuo waliunakili vizuri, na walipoulizwa wiki iliyofuata kwa nini nitriti hupanda baadaye kuliko amonia, wengi walinyamaza. Ndipo mmoja wetu alipoleta mfano wa njia ya misafara, ambayo kila mtoto wa Tabora ameisikia tangu nyumbani.

Katika karne ya 19 mizigo iliyotoka Bagamoyo haikubebwa na wapagazi wale wale mpaka Ujiji. Kwa kawaida msafara ulivunjika Kazeh, hapa Unyanyembe. Wapagazi waliotoka pwani walilipwa na kuondoka, na mwenye mali alilazimika kutafuta wapagazi wengine wa kumpeleka magharibi. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi wa Novemba 1857 iliwabidi wakae wakisubiri kabla ya kuendelea, nao hawakuliona Ziwa Tanganyika hadi Februari 1858. Basi mwulize mwanafunzi: ikiwa wapagazi wa kwanza ni wengi na wa pili bado hawajapatikana, mizigo itarundikana wapi? Atajibu bila kusita kwamba itarundikana Kazeh. Hiyo ndiyo nitriti. Amonia ni mzigo ulioko Bagamoyo, nitrati ni mzigo uliofika Ujiji, na katikati ya safari upo mji ambao mali hujaa mpaka kundi la pili la wabebaji lipatikane. Kundi hilo la pili haliwezi kuongezeka kabla kundi la kwanza halijaleta cha kubeba. Ndiyo sababu nitriti hupanda wakati amonia inaposhuka, na hukawia kushuka.

Mfano huu una mipaka yake, na mwalimu aitaje mwenyewe kabla wanafunzi hawajapotea. Bakteria haubebi mzigo, bali huugeuza na kuishi kwa huo. Wala njia ile si mchezo wa darasani: pamoja na pembe za ndovu na nguo, walipitishwa humo watu waliokamatwa utumwani. Sisi huwaeleza wanafunzi kwamba tunatumia habari za wapagazi wa Kinyamwezi, waliofanya kazi ya ujira na kusifika kwa kazi hiyo pande zote, na kwamba habari za watumwa zina somo lake linalostahili wakati wake. Nimepata kumwona mwalimu akiwafunga watoto kamba katika igizo la msafara ili kuchangamsha somo. Jambo hilo lisifanywe.

Kwa wanachuo wa ngazi ya juu mfano unaweza kuendelezwa. Vitabu vingi bado vinataja Nitrobacter kuwa ndiye mlaji wa nitriti, lakini utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kuwa katika matangi ya samaki kazi hiyo hufanywa zaidi na jamii ya Nitrospira. Tena mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kugundua aina za Nitrospira zinazoweza kufanya hatua zote mbili peke yao, kutoka amonia hadi nitrati. Yaani mpagazi anayekwenda Bagamoyo hadi Ujiji bila kubadilishwa. Winogradsky hakumwona mpagazi huyo, na kwa miaka zaidi ya mia moja waliomfuata hawakumwona vile vile. Ni vema mwalimu mtarajiwa ajue kwamba mchoro alionakili ubaoni ulipata kurekebishwa karibuni hivi.

Kutayarisha tangi

Tangi la lita 60 hadi 100 lafaa. Mawe ya itale yanapatikana bure, hayayeyuki majini na hayabadili maji. Yaoshwe bila sabuni. Mwalimu akiwa na shaka juu ya jiwe, alidondoshee siki au maji ya ndimu. Likitoa mapovu lina chokaa ndani yake. Jiwe la namna hiyo si baya, ila litayafanya maji kuwa magumu, na wanafunzi wajue hivyo tangu mwanzo. Pampu ndogo ya hewa ni ya lazima, kwa kuwa kila miligramu moja ya nitrojeni inayogeuzwa kutoka amonia hadi nitrati hutumia karibu miligramu nne na nusu za oksijeni. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, wanafunzi wachote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, kwa zamu. Maji ya bomba yaachwe wazi siku moja au mbili ili klorini itoke, kwa sababu kazi ya klorini ni kuua bakteria, nayo haichagui.

Samaki wasitiwe. Badala yake tunawalisha bakteria kwa mbolea. Watoto wengi wa mkoa huu wametoka katika nyumba za wakulima wa tumbaku na mahindi, na mifuko ya mbolea wanaijua kuliko walimu wao. Mbolea inayofaa ni salfeti ya amonia, ambayo wakulima huiita SA. Ile iitwayo CAN isitumike kwa jaribio hili: ndani yake imo nitrati tayari, na mwanafunzi atakayepima nitrati siku ya pili atadhani bakteria wamekwisha kazi yao kabla hata hawajaanza. (Kosa hili tulilifanya wenyewe. Tulishangilia siku mbili.)

Hesabu ya kipimo ni zoezi zuri la Hisabati. Salfeti ya amonia ina nitrojeni asilimia 21. Gramu 10 zikiyeyushwa katika lita moja ya maji, kila mililita moja ya mchanganyiko huo itakuwa na miligramu 2.1 za nitrojeni. Basi tia mililita moja kwa kila lita ya tangi. Tangi la lita 60 litapata mililita 60, na maji yote yatakuwa na miligramu 2.1 za nitrojeni kwa lita. Kiasi hiki kinatosha. Wapo wanaotia mara tano yake kwa kudhani kwamba chakula kingi kitaharakisha uzazi, lakini amonia ikizidi mno huwadhuru hata walaji wake. Mahali pasipo na mbolea, kipande cha samaki mbichi au dagaa wachache waliofungwa kitambaani watatoa amonia wanapooza, ingawa kiasi chake hakiwezi kuhesabiwa na harufu yake italalamikiwa na madarasa ya jirani.

Vipimo ndivyo vigumu kupatikana. Visanduku vya vitone vya kupimia amonia, nitriti na nitrati vinauzwa kwa wafugaji wa samaki, na kisanduku kimoja hutosha chuo kizima kwa muhula ikiwa mwalimu mmoja tu ndiye anayekitunza. Dawa za zamani za maabara zenye zebaki zisitolewe kabatini kwa kazi hii. Msomaji aangalie pia kisanduku chake kinahesabu nini: vingine hutaja nitrojeni peke yake, vingine hutaja nitrati nzima. Miligramu 2.1 za nitrojeni zikigeuka zote kuwa nitrati zitasomeka kama miligramu 9.3 hivi za nitrati. Wanachuo wawili walipata kugombana vikali juu ya jambo hili, na kumbe wote wawili walikuwa sahihi.

Matangi mawili

Kama vioo vinatosha, yatengenezwe matangi mawili yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Tangi la kwanza lipewe mawe makavu matupu. La pili lipewe mawe makavu hayo hayo, pamoja na jiwe moja lenye utelezi lililotolewa bwawani na kuletwa likiwa bado limelowa, au tope la bwawa la samaki kiasi cha kiganja kimoja, lililofungwa kitambaani. Matangi yote mawili yapewe mbolea kwa kipimo kimoja siku moja.

Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi aandike katika daftari lake tangi gani litakuwa la kwanza kuondoa amonia, na kwa sababu gani. Hapo ndipo mtaona thamani ya kazi hii. Sehemu kubwa ya darasa huchagua tangi la mawe makavu, kwa sababu ni safi na lile lingine lina tope. Mwalimu asiwasahihishe. Abandike ukutani karatasi kubwa yenye mistari ya siku na ya vipimo, na kila baada ya siku mbili kundi la zamu lipime na kutia alama. Shughuli hii haichukui zaidi ya dakika kumi za mwanzo wa kipindi, na masomo mengine yaendelee kama yalivyo katika azimio la kazi.

Kwa kawaida siku za kwanza hakuna linalotokea. Mstari wa amonia hukaa juu umenyooka, na wanafunzi huanza kuchoka. Kipindi hiki ni kigumu zaidi kwa mwalimu kuliko kwa wanafunzi, kwani mkaguzi akipita ataona matangi mawili ya maji na mawe, yasiyo na samaki, katika darasa lisilo na viti vya kutosha. Tangi lenye jiwe la bwawani ndilo hutangulia kuonyesha nitriti. Jingine hufuata, wakati mwingine baada ya wiki nyingine mbili au zaidi. Wanafunzi watauliza bakteria wa tangi la mawe makavu wametoka wapi, kama hakuna aliyewaleta. Swali hili lisijibiwe kwa haraka. Wafikiri juu ya vumbi linaloingia dirishani, mikono iliyopanga mawe, maji yenyewe. Wachache tu walifika, nao kwa kuzaana polepole wamekuwa wengi.

Mara amonia inapokaribia kwisha, itiwe mbolea tena kwa nusu ya kipimo cha kwanza, ili walaji wasife njaa wakati kundi la pili likikua. Tangi liko tayari pale linapopewa kipimo kizima, na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote mbili zikawa hazionekani. Wakati huo nitrati itakuwa imerundikana. Sehemu kubwa ya maji ibadilishwe, kisha watiwe samaki wawili watatu wadogo, si wanane. Kambare wasitumiwe. Wao hupumua hewa ya juu na huvumilia maji machafu kiasi kwamba hawawezi kumshuhudia mwalimu vizuri.

Vikwazo viwili tulivyovikuta Tabora

Cha kwanza ni baridi ya mwezi wa Juni na Julai. Bakteria hawa hufanya kazi vizuri katika joto la nyuzi 25 hadi 30, na usiku wa Tabora katika miezi hiyo hushuka chini sana ya hapo. Tangi lililoanzishwa Juni litakawia. Ni afadhali kuanza mapema katika muhula wa kwanza.

Cha pili kilitusumbua zaidi. Katika mwaka wetu wa pili tangi lilianza vizuri, kisha likasimama kabisa wiki ya nne; amonia haikushuka tena, tukabadili pampu na kulaumu mbolea. Sababu ilikuwa maji. Bakteria wanapoigeuza amonia hutoa tindikali, na tindikali hiyo hula ugumu uliomo majini. Kila miligramu moja ya nitrojeni hutumia chokaa ya kiasi cha miligramu saba. Nchi yetu ni ya mawe ya itale yasiyotoa chokaa, na maji ya Ziwa Viktoria, yanayofika Tabora kwa bomba siku hizi, ni laini pia. Ugumu ulipokwisha, pH ikaporomoka chini ya 6, na walaji wakaacha kazi. Dawa yake ni rahisi: maganda ya konokono au ya mayai yaliyosagwa, au bikaboneti ya sodiamu kidogo. Chokaa ya kupakia kuta isitiwe kamwe, kwani huipandisha pH ghafula hadi kumwunguza samaki.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu wa Baiolojia na wa Kemia wangelifundisha pamoja. Amonia ina sura mbili majini, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo wake. Katika joto la nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na sehemu yenye sumu isiyofika hata asilimia moja. Kwenye pH 8 hufikia asilimia 5 hivi, na kwenye pH 9 hupita asilimia 35. Kipimo kile kile cha amonia ambacho perege wa Tabora angekistahimili kingemwua samaki aliyewekwa katika maji yaliyo kama ya Ziwa Tanganyika, ambayo pH yake ni kama 9. Kuhe na jamaa zake wanaishi humo bila taabu kwa sababu ziwa ni kubwa na mawe yake yana walaji tele. Ndani ya kioo hawana kinga hiyo.

Bahari iliyo mbali

Kila mwaka hutokea mwanachuo anayeuliza kama tungeweza kutengeneza tangi la bahari, lenye matumbawe na samaki wa rangi, kwa chumvi ya Uvinza. Swali hili nalipenda. Chemchemi za Uvinza zimetoa chumvi tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, nayo iliuzwa mbali kupitia njia hizi hizi. Lakini maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita, na ndani ya gramu hizo imo magnesi, kalsi, salfeti na potasi kwa mgao maalumu. Chumvi ya kupikia, iwe ya Uvinza au ya dukani, karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Tumbawe haliwezi kujijengea mifupa kwa hiyo peke yake. Wafugaji wa matumbawe hutumia chumvi iliyochanganywa viwandani, na wengi wao siku hizi huanza kwa miamba mikavu kama sisi, badala ya kung'oa miamba hai baharini. Nao husubiri wiki zile zile na kupima amonia na nitriti zile zile.

Hata hivyo chumvi ya Uvinza ina kazi katika tangi letu. Nitriti humdhuru samaki kwa kuingia katika damu kupitia mashavu na kuiharibu isiweze kubeba oksijeni, hata damu ikawa ya rangi ya udongo. Kloridi hushindana nayo mlangoni. Chumvi kidogo, gramu moja kwa lita kumi, humkinga samaki wa maji baridi aliyekutwa na nitriti kwa bahati mbaya. Ndiyo sababu katika tangi la bahari, ambamo kloridi ni nyingi mno, nitriti haiogopwi sana, ingawa amonia huogopwa vile vile.

Tena wanafunzi waambiwe kwamba wazo la bahari katika nchi ya magharibi halikuanzia kwao. Makombe ya konokono ambayo Speke aliyaokota Ziwa Tanganyika yalielezwa London na Woodward mwaka 1859, nayo yalifanana ajabu na ya baharini. Mwaka 1883 Richard Böhm, Mjerumani aliyekuwa ameishi Unyamwezi, aliona ziwani konyeza wadogo, viumbe wanaofikiriwa kuwa wa bahari tu. Kwa ushahidi wa namna hiyo J. E. S. Moore, aliyefika ziwani katika miaka ya 1890, alidai kwamba Tanganyika lilikuwa ghuba ya bahari ya kale iliyotengwa na nchi kavu. Dai hilo liliachwa baadaye. Ziwa limetokana na kupasuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa, na konokono wake walipata sura hiyo humo humo ziwani katika miaka milioni nyingi. Moore aliona vizuri, akakisia vibaya, kama wale wanafunzi wetu walioliona tope na kulichagua tangi safi.

Wakati wa likizo

Shule inapofungwa, samaki warudishwe kwa mwenye bwawa. Wasitupwe mtoni wala bwawani kwingine, wasije wakaingizwa mahali wasipokuwapo. Maji ya tangi, yakiwa yamejaa nitrati, yamwagiwe mchicha wa bustani ya shule, isipokuwa kama yalitiwa chumvi. Mawe yasianikwe. Yawekwe ndani ya ndoo yenye maji kidogo, kivulini, ndoo isifunikwe kabisa, na mlinzi aombwe kuongeza maji yanapopungua. Mwaka uliofuata yule mwanachuo wa vifaranga vinane alikwishaajiriwa wilaya nyingine ya mkoa huu, akaja kutuomba mawe mawili. Aliyabeba katika mfuko wa plastiki uliofungwa na maji ndani yake, akiupakata ndani ya basi ili usipasuke.